Subaru ya tabo imetoka bandarini: oili ya gia boksi na difu ubadili sasa hivi au usubiri kitabu?

Swali linakujaga hivi hivi kila mara. Mtu kaagiza Subaru Impreza WRX au STI, zile za tabo (turbo), toka Japan, gari imetoka bandarini, oili ya injini na chujio kashabadilisha siku hiyo hiyo maana hilo kila mtu analijua, halafu anauliza, je na gia boksi? Na difu (zile gia zinazogawia magurudumu nguvu)? Nibadili sasa au nisubiri mpaka kilomita za kwenye kitabu zifike? Na nikibadili niweke ya kawaida au sintetiki, maana hiyo ya pili bei yake inauma. Mi WRX ya manyuo (ya kubadili gia kwa mkono) nimekaa nayo miaka kadhaa na nimelala chini ya uvungu wake mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa hiyo nitalinganisha kwa nilivyoyaona, na upande niliopo nitausema wazi.

Kwanza tuelewane gari yenyewe maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Subaru ya manyuo, gia boksi na difu ya mbele vimo kwenye nyumba moja na vinakunywa oili moja. Hakuna difu ya mbele ya kubadilisha peke yake, fundi akikuandikia difu mbili kwenye bili ya manyuo muulize ya pili ameiona wapi. WRX ya gia 5 inachukua lita 3.5 huko mbele na difu ya nyuma lita 0.8, jumla 4.3, chupa tano za lita moja na inabaki lita 0.7. STI ya gia 6 ni lita 4.1 mbele na lita 1 nyuma, jumla 5.1, yaani chupa ya sita unainunua kwa ajili ya kijiko tu, inakera lakini ndo ilivyo. Auto ni habari nyingine kabisa, kule kuna oili ya gia boksi (ile nyekundu tunayoita haidroliki), difu ya mbele ina chumba chake na kijiti chake cha kupimia, na difu ya nyuma. Vitu vitatu tofauti. Hilo likumbuke maana kuna kisa chake huko chini.

Sasa kabla hujaamua lolote fungua mlango wa dereva uangalie kwenye fremu ya mlango, au juu kwenye kona ya kioo cha mbele. Gereji za Japan huwa zinabandika kistika wakibadilisha oili, kina tarehe na kilomita, na vingine vina visanduku vya kuweka alama: injini, gia boksi, difu. Ya difu imeandikwa kwa herufi mbili tu, デフ, inasomeka "defu", yaani Mjapani na fundi wetu wa Ilala wanaongea lugha moja bila kujuana. Ya gia boksi ni ミッション. Mwaka mara nyingi wanauandika kwa hesabu yao ya mfalme: ukiona H, jumlisha 1988, kwa hiyo H29 ni 2017. Ukiona R, jumlisha 2018, R3 ni 2021. Gari yangu ilikuja na kistika cha H27, alama ipo kwenye injini tu, visanduku vya gia boksi na difu vyeupe peee. Si ushahidi kwamba haijawahi kubadilishwa, lakini si ushahidi kwamba imebadilishwa pia, na karatasi ya mnada nayo itakwambia bampa limekwaruzika wapi na kiti kimechafuka wapi ila ya oili ya difu haikwambii.

Haya, sasa kubadili leo dhidi ya kusubiri.

Wa kusubiri wana hoja na tusiwadharau. Wanasema oili ya gia haichomi kitu, haikutani na masizi wala petroli kama ya injini, vitabu vingi vya magari vinakwambia kagua tu na ubadili kwa umbali mkubwa, gari inaingia gia vizuri, haipigi kelele, sasa unamgusa wa nini. Usiamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Na wana mfano, kila mtaa kuna gari iliyoenda gereji ikiwa nzima ikarudi inavuja kwa sababu boliti ilikazwa kwa hasira. Mfano huo ni wa kweli, ila ukiuangalia vizuri kosa hapo ni la mkono uliokaza, oili haihusiki.

Wa kubadili mapema hoja yao kubwa ni hii: injini ina chujio, difu haina. Gia boksi ya manyuo kama hii ya gia 5 nayo haina. Chuma chochote kinachosagika mle ndani kinabaki mle mle kinazunguka na oili, kinachokisubiri ni kisumaku kidogo tu kwenye boliti ya kumwagia. Na gia mpya, au gia ambazo zimefanyiwa oveholi juzi, zinasagana zaidi mwanzoni mpaka meno yazoeane. Ndo maana BMW kwenye magari yake ya M wameweka ukaguzi wa kwanza kwenye kilomita 2,000, na pale wanamwaga oili ya injini pamoja na ya difu, gari ikiwa bado inanuka kiwandani. Hiyo ni kampuni inayotoa dhamana yenyewe, haifanyi hivyo ili ikuuzie lita moja ya oili. Kwa hiyo kwa gari mpya kabisa ya spidi, au difu iliyojengwa upya, mi sioni mjadala, badili mapema.

Lakini Subaru yetu si mpya, imeshakula kilomita zake, meno yalishazoeana zamani. Hapa sababu inakuwa nyingine: hujui historia. Gari za namna hii huko Japan haziendeshwi na bibi anayeenda sokoni peke yake, nyingine zimepitia kwa vijana wanaokimbizana milimani usiku, nyingine zimewekewa oili ya ajabu ajabu na mtu aliyekuwa anajaribu jaribu. Halafu ya kwetu hapa Dar kuna maji. Difu ina kipumulio juu, kitundu cha kutoa hewa ikipata moto. Ukiwa umetoka nayo mbio ikiwa ya moto ukaingia kwenye maji ya Jangwani siku ya masika, difu inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na pale penye kipumulio inavuta kilichopo, na kilichopo ni maji ya mto Msimbazi. Oili ikishachanganyika na maji inakuwa rangi ya chai ya maziwa na hapo beringi zinaanza kula kutu taratibu bila kelele yoyote, kelele utakuja kuisikia baada ya miezi. Hiyo hata kama ulibadilisha wiki iliyopita, badili tena.

Kuna njia ya kati ambayo naipenda na watu hawaisemi. Usibishane, angalia. Difu ya nyuma ina oili lita moja au chini yake, kuimwaga ni dakika kumi, hiyo ifungue kwanza halafu ikwambie. Chomoa boliti ya chini uangalie sumaku yake. Ukikuta uji wa kijivu laini, kama unga wa penseli uliochanganywa na grisi, ukiufinya kati ya vidole hausikii kitu, hiyo ni kawaida, gari yoyote inao. Ukisikia mchanga, oili imekaa sana, na gia boksi nayo ifuate wiki hiyo hiyo. Ukikuta kipande, yaani kitu chenye kona, kinachong'aa, unachoweza kukishika kwa kucha, hapo swali la oili limekwisha, tafuta fundi wa difu. Mi ya kwangu ilitoka nyeusi tii na uji mzito kwenye sumaku kama kofia ya uyoga, nikafuta na tishu tatu, na gia boksi ambayo nilipanga isubiri mwezi ikabadilishwa Jumapili iliyofuata.

Kwa hiyo kati ya sasa na kusubiri, kura yangu ni sasa kwa difu ya nyuma bila kuuliza, na gia boksi ya manyuo sasa pia kama kistika hakisemi kitu. Kusubiri nakubali kwa mtu mmoja tu, yule ambaye kistika chake kina alama kwenye デフ na ミッション na tarehe ya karibuni. Na asiniambie mtu kwamba Subaru ni ya rali haifi. Ni kweli dereva Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza, ila wale walikuwa na kikosi cha mafundi na gia boksi za akiba, wewe una mimi na jeki.

Oili sasa, na hapa ndo pesa inapopotea.

Dukani utakutana na madaraja mawili ya oili ya gia, GL-4 na GL-5, na muuzaji atakwambia 5 ni mpya zaidi kuliko 4, kama simu. Si hivyo. Tofauti ni dawa iliyomo ya kukinga meno yasikwanguane yakibanwa kwa nguvu, GL-5 ina nyingi zaidi, kama mara mbili hivi. Difu inaihitaji kwa sababu meno ya difu ni haipoidi, hayakutani tu, yanateleza yakiwa yamebanwa, na oili yenye dawa kidogo inakimbia pale katikati chuma kinagusa chuma. Gia boksi ya kawaida ya gari nyingine inapenda GL-4, kwa sababu sinkro zake (pete zinazosawazisha mwendo wa gia ili ziingie laini) ni za shaba na GL-5 za zamani zilikuwa zinaila shaba, halafu sinkro inataka msuguano kidogo ili ishike, ukiiwekea oili ya kuteleza sana gia zinakwaruza. Sasa Subaru imeweka difu ndani ya gia boksi, inabidi imridhishe mke mkubwa na mdogo kwa chungu kimoja, na kiwanda kikaamua upande wa difu: GL-5 75W-90. Hiyo ndo yake. Jamaa anayekwambia weka GL-4 sinkro zikae vizuri yuko sahihi kwa gari yake, kwa Subaru anakuulia pinioni (gia ndogo inayoizungusha difu) ya difu ya mbele, na hiyo kuitoa ni kushusha gia boksi nzima. Angalia sana kopo maana mengine yanafanana kama mapacha: Shell wana Spirax S2 A 80W-90 ambayo ni GL-5, na Spirax S2 G 80W-90 ambayo ni GL-4, herufi moja tu hapo katikati. Soma mgongo wa kopo, usisome rangi.

Namba je? 75W-90 sintetiki dhidi ya 80W-90 ya kawaida. Mbele ya W ni tabia ya baridi, 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri. Mkuu, Dar hatujawahi hata kuiona sifuri yenyewe. Mtu wa Hokkaido asubuhi ya theluji anaihitaji hiyo 75, wewe wa Mbagala kwa sababu hiyo peke yake huihitaji. Nyuma ya W zote ni 90, yaani zikiwa moto zote ziko kundi moja la uzito. Kwa hiyo wanaokwambia 80W-90 ya kawaida itaua gari wanatisha watu, kwenye difu ya nyuma ya WRX inayozunguka mjini inafanya kazi yake vizuri tu, mi nimeitumia.

Ambapo sintetiki inaonekana faida yake ni gia boksi, na inaonekana mkononi. Asubuhi gari ikiwa imelala, ukiwa na sintetiki gia ya pili inaingia laini bila kusita, na 80W-90 hata kwa joto letu la saa 12 asubuhi kuna ukakasi wa dakika tano za kwanza. Na ukipanda nayo Kitonga kwenda Iringa, foleni ya malori mbele, gia ya pili na ya tatu nusu saa, tabo imejaa, oili inapata moto kweli kweli na sintetiki inavumilia moto muda mrefu kabla haijachoka. Mi nimeweka Motul Gear 300 75W-90, kopo lao linasema inafaa GL-4 na GL-5 zote na mkononi gia zimekuwa tamu, nyingine nzuri zipo pia. Bei ya sintetiki ikikushinda kwa lita zote, gawanya: sintetiki gia boksi, ya kawaida GL-5 difu ya nyuma. Kinyume chake ni kupoteza hela. Na kama ya kawaida ndo unaweza kwa zote, weka hiyo, rudia mapema kidogo, ni bora kuliko sintetiki ya mwakani.

Difu yenye LSD (inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake) iangalie kivyake. WRX nyingi za zamani LSD ya nyuma ni ile ya kimiminika kizito kilichofungiwa ndani, hiyo haijali, GL-5 ya kawaida inatosha. Torsen, LSD ya aina nyingine, ni meno matupu, nayo haijali. STI zenye LSD ya visahani ndo zina masharti, visahani vinashikana na kuachiana ndani ya oili, zinataka oili iliyoandikwa LSD kwenye kopo, ukiweka tofauti utasikia ukikata kona taratibu kwenye parking nyuma inagonga gudu gudu gudu kama mtu anataka kutoka kwenye buti. Ikifanya hivyo usikimbilie kununua difu, badili oili kwanza.

Kufanya mwenyewe au gereji? Kisa nilichoahidi ndo hiki. Rafiki yangu ana Forester auto ya tabo, kaipeleka gereji moja mtaani kumwaga oili ya injini, kijana akaingia shimoni akafungua boliti. Tukiwa juu tunakunywa soda akasema, "Kaka, hii oili yako mbona nyekundu?" Sote tukanyamaza. Alikuwa kafungua gia boksi, na kabla hatujashuka mwenzake wa juu kashamimina lita nne mpya kwenye injini ambayo ya zamani haijatoka hata tone. Injini ina lita nane, gia boksi tupu. Bahati hawakuiwasha. Kijana mwenyewe ndo alituokoa kwa kushangaa rangi, mwingine angefunga akanyamaza. Tangu siku hiyo nikienda gereji nashuka shimoni na mimi, naonyesha kwa kidole, hii, halafu hii, hii usiguse, fundi anakasirika kidogo ila tunaelewana.

Nyumbani unahitaji sehemu tambarare, stendi nne za kuaminika (si tofali, tafadhali, tofali linapasuka bila kubisha hodi), faneli ya mpira mrefu, na washa mpya za boliti. Endesha robo saa kwanza oili ipate uvuguvugu ibebe uchafu. Na sheria moja ambayo nikiisahau mwenyewe najitukana: fungua boliti ya KUJAZIA kabla ya kugusa ya kumwagia. Ya juu ikigoma, na ya difu ya nyuma inapenda kugoma kwa kutu, bado una gari yenye oili ndani na unaenda kwa fundi ukiendesha. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma, una sanamu. Kwenye difu nyingi za nyuma za WRX boliti ina tundu la mraba la nusu inchi, mkono wa soketi unaingia wenyewe bila soketi, watu wanahangaika na koleo bure. Difu jaza mpaka ianze kudondoka yenyewe pale tunduni, gia boksi jaza kupitia tundu la kijiti, pole pole, maana tundu ni jembamba na jirani yake ni bomba la ekzozi la tabo, ukimwaga pale utanusa wiki mbili. Usizidishe kiwango, oili ikizidi inatoa povu na kutafuta njia ya kutokea. Usikaze kama unafunga nati za tairi la lori, mwili wa gia boksi ni alumini.

Mwenye auto, kwa ufupi. Difu zote mbili fuata niliyosema, ila haidroliki kuna njia mbili, mashine inayosukuma yote itoke mara moja, au kumwaga na kujaza. Ukimwaga kwa boliti zinatoka kama lita nne tu kati ya tisa na ushee, kwa hiyo unarudia mara mbili tatu kwa wiki kadhaa, oili inasafika kwa hatua. Gari usiyoijua historia yake mi naenda na kurudia, mashine ikisukuma uchafu wa miaka kumi kwa pamoja sipendi unapoenda kukwama. Na wenye WRX S4, ile ni CVT (auto isiyo na gia za hatua, inaendeshwa na mnyororo), inataka oili yake ya CVT ya Subaru ya nguvu kubwa (high torque), haidroliki nyekundu ya kopo la kawaida usiilete hata karibu, mnyororo wa mle ndani ukiteleza mara moja tu hesabu yake ni gia boksi nzima.

Oili chafu usimwage mtaroni. Mi ya kwangu alikuja kuiomba jirani, anapaka nguzo za uzio mchwa wasile, nikampa na kumwonya kwamba ya difu si kama ya injini, ina salfa, inanuka yai viza. Akasema mchwa hawana pua. Ilipita wiki, jua la saa nane linapiga zile nguzo, mama mwenye nyumba anazunguka uwanja mzima na tochi anatafuta kuku gani ametaga chini ya uvungu wa gari langu.